Swali la Tisa

Wanasema mwaka aliozaliwa Naomi Jerop, mahindi ya kijiji cha Ziwa yalirefuka hadi kunguru akawa anapumzika katikati ya bua kabla ya kulifikia hindi. Asiyeamini na amuulize kunguru. Ila la pili halina ubishi: mtoto yule alitoka tumboni akiuliza. Wenzake hulia, yeye alimkodolea mkunga macho kama anayetaka kujua wembe umechemshwa au haujachemshwa. Alipoanza kutembea akamuuliza babake kwa nini ng'ombe anafungwa kengele na jogoo hafungwi. Akamuuliza pasta, Nuhu alikuwa akiyatupa wapi mavi ya ndovu siku zote zile za mvua. Mamake akamchapa pale pale nje ya kanisa. Jerop akafuta machozi, akauliza fimbo ile ni ya mti gani.

Mtu wa namna hiyo ukimnyima shule atakumaliza. Akapelekwa. Alisoma hadi vitabu vikaomba kupumzika, na alipomaliza akapata kazi iliyomtosha kama kifuniko na sufuria: kuuliza maswali na kulipwa. Akawa mtafiti wa afya ya jamii mjini Eldoret. Kazi yake ilikuwa kujua watoto wa miaka kumi na miwili hadi kumi na saba wanakunywa nini, wanavuta nini, wananusa nini, nani aliwaanzisha, na ni kitu gani kingeweza kuwazuia.

Alipanga nyumba mtaa wa West Indies, vyumba viwili, sebule na jikoni. Wenzake wa ofisini walimshauri akope ahamie Elgon View, penye ua wa maua na mbwa anayekula vizuri kuliko mwalimu. "Huko watu hawagombani kwa sauti," akawaambia. "Nitajuaje kinachowasumbua?" Aliishi na mwanawe wa pekee, Amos. Mumewe Kiprotich, mtu wa Ziwa kama yeye, alifariki kwa homa ya mapafu Amos akiwa na miaka sita, na tangu hapo picha yake ikawa ukutani, baina ya sebule na chumba cha mtoto.

Kazi yenyewe ilikuwa ngumu kuliko kukamua fahali. Nenda umuulize mtoto wa miaka kumi na tatu kama amewahi kuonja pombe. Atakuapia kwa Biblia, atakuapia kwa kaburi la nyanya yake, na nyanya mwenyewe bado anapalilia viazi. Umpe karatasi aandike, ataandika kinachompendeza mwalimu mkuu. Kwa hivyo Jerop akabuni njia yake. Darasani alitundika shuka kwenye kona. Nyuma ya shuka aliweka meza, na juu ya meza makopo kumi ya mafuta ya kupikia, kila moja limepakwa nambari. Mtoto aliingia peke yake na mahindi mkono huu, maharagwe mkono ule. Swali likasomwa kutoka nje, naye akadondosha punje moja kwenye kopo la swali hilo. Mahindi ni ndiyo. Haragwe ni hapana. Hakuna jina, hakuna mwandiko, hakuna jicho.

Msomaji wa maswali alikuwa Mama Kavetsa, nesi mstaafu mwenye mwili mkubwa na kicheko kikubwa zaidi, ambaye alikuwa akisaidia kuchunguza madhara ya tumbaku huku ugoro ukiwa ndani ya kifua cha nguo yake. Akipiga chafya, makopo yote kumi yalitikisika. Yako mahesabu ambayo yalirudiwa mara tatu kwa sababu ya pua ya Kavetsa.

Siku moja ya Juni walikuwa kwenye shule moja karibu na Ziwa, jina lake tuliache. Zamu ilikuwa ya wavulana wa kidato cha pili, thelathini na wanane, wote walikuwa wameshatahiriwa. Baridi ya siku hiyo, maneno yalikuwa yakitoka mdomoni yanaganda, Kavetsa anayafuta kwa leso ili swali lisikike. Walipomaliza, watoto wakaenda kula, na wanawake wawili wakakaa kuhesabu.

Kopo la kwanza sawa. La pili sawa. Walipofika la tisa wakakuta maharagwe manne, basi. Swali la tisa lilikuwa hili: *Mara ya kwanza kuonja pombe, aliyekupa ni mtu mzima unayemheshimu?*

"Wengine thelathini na wanne wameenda wapi?" Jerop akauliza.

Kavetsa akainama, akachungulia chini ya meza.  Sakafuni, chini kabisa ya kopo la tisa, punje za mahindi zilikuwa zimetapakaa. Akaziokota moja moja, akazihesabu. Thelathini na nne.

"Ama panya wa huku wamesoma," akasema, "wanaangusha mahindi tu, maharagwe hawataki."

"Hawajajibu, Mama Kavetsa. Zimeanguka chini."

"Wewe mtoto! Watu thelathini na wanne wote mikono imeteleza, kwa kopo moja, na wote wameshika mahindi? Hawa wamejibu. Wameogopa tu jibu kuingia kwa kopo."

Jerop akaifunika kalamu yake. Alikuwa anajua. Binti yeyote aliyezaliwa upande ule angejua. Desemba ikifika, vijana waliotahiriwa hukaa wiki kadhaa kwenye nyumba iliyotengwa, menjo, wakifundishwa utu uzima na walezi wanaume wanaoheshimika kuliko chifu. Kinachosemwa humo hakitoki. Mwanamke hapiti karibu. Akilazimika kupita, anageuza uso. Na kila mtu alijua, na hakuna aliyejua, kwamba kwa baadhi ya nyumba hizo chupa hupita pamoja na mafundisho, kijana akapewa kidogo ili awe mwanamume, na mlezi anayempa anafanya alivyofanyiwa.

"Kwetu mwanamke haulizi mambo ya menjo," akasema mwishowe.

"Lakini umeshauliza."

"Nimeuliza bila kujua nauliza nini. Wao wamejua."

Akachukua ufagio mwenyewe. Akazoa zile punje, akawatupia kuku wa shule, na kwenye daftari akaandika: *Hawakujibu.* Walipoenda shule iliyofuata, maswali yalikuwa tisa, makopo tisa, na lile la heshima halikuwamo. Kavetsa alisoma karatasi mpya kutoka juu hadi chini, akavuta ugoro, na kwa mara ya kwanza hakupiga chafya.

Mwaka huo Amos alikuwa na miaka kumi na minne, mrefu, mcheshi, anaimba bafuni nyimbo za kanisa kwa maneno yake mwenyewe, mengine si ya kanisa. Wakati wake ulikuwa umefika. Pasta Githinji wa kanisa la mjini alikuwa na kambi ya Desemba: daktari, mafundisho ya Biblia, soda na chapati, wazazi wanaruhusiwa kutembelea. Jerop akamletea Amos fomu.

"Mama, please. Nitaitwa mwanaume wa soda mpaka nizeeke."

"Ni nani atakuita?"

"Mabinamu wote. Hata wale hawajazaliwa. Baba alienda wapi?"

"Ziwa."

"Basi."

Kaka wa marehemu Kiprotich, Kipkemboi, ndiye alikuwa mlezi wa vijana pale nyumbani Ziwa. Mtu mpole, mzee wa kanisa, mkulima ambaye ng'ombe wake walikuwa wakisimama foleni wenyewe kukamuliwa, mkubwa mbele. Wavulana aliowalea walikuwa wakimsalimu kwa mikono miwili hata wakiwa na mvi. Jerop alimwamini kwa kila kitu isipokuwa kimoja, na hicho kimoja hakuwa na mdomo wa kukitaja. Jumamosi akapanda kwenda Ziwa, na njia nzima akajiambia: leo nitamuuliza. Awape wengine au asiwape, mimi nitauliza kuhusu wangu.

Kipkemboi alimkaribisha vizuri. Mkewe akaleta chai na mursik, maziwa ya mgando ya kibuyuni, na viazi vya kuchemsha, akawaacha wazungumze. Wakazungumzia mvua. Wakazungumzia bei ya mbolea. Wakamzungumzia ng'ombe aliyezaa pacha, na mwingine aliyezaa mara moja lakini akajifanya ni pacha ili apewe chumvi zaidi.

"Baba Chepkoech," Jerop akaanza, akimwita kwa jina la bintiye. "Kisu. Ni kimoja au kila mtoto na chake?"

"Kila mtoto na chake. Na daktari atakuwepo. Tumeendelea, Mama Amos."

"Na kidonda kikichelewa kupona?"

"Tunapiga simu hospitali."

"Na blanketi?"

"Mbili mbili."

"Chakula ni nani anapika?"

"Wanaume wanapika. Kinaungua, lakini kinalika."

Akauliza maji wanachota wapi. Akauliza sabuni. Yeye aliyemuuliza pasta habari za mavi ya ndovu, akauliza na kuuliza, akilizunguka lile swali moja kama kuku anayezunguka nyoka. Kipkemboi alijibu yote bila haraka. Kisha akaweka kikombe chini, akamtazama kwa muda mrefu kuliko kawaida ya shemeji kumtazama mke wa nduguye.

"Mama Amos, umeuliza hata sabuni. Kuna kingine?"

Saa ya ukutani ilipiga mara mbili. Jerop akainua kikombe, akakirudisha mezani. Hata chai ilimkataa.

"Hakuna, Baba Chepkoech. Hakuna kingine."

Hapa masimulizi yanakataa chumvi. Yangeikubali ingetiwa.

Amos alitoka menjo baada ya wiki nne, amenenepa shingo, sauti imeshuka, suti mpya, jina jipya. Akina mama walipiga vigelegele. Jerop alikuwa amepika tangu alfajiri. Kijana alisimama mlangoni pa jikoni asiingie, kwa sababu mwanamume haingii jikoni mwa mamake, akapokea sahani kwa mbali, akasema asante kama mgeni. Kisha akakohoa. Jerop, ambaye angeitambua pombe kwenye pumzi ya mtoto hata imefunikwa kwa peremende na vitunguu, aliitambua. Akajiambia ni dawa ya kidonda. Akajiambia ni sherehe, itaisha na sherehe.

Haikuisha. Kidato cha kwanza, barua ya onyo. Cha pili, wiki mbili nyumbani. Cha tatu, Amos aliacha sanduku na godoro bwenini akarudi kwa miguu. Mchana alilala, jioni akavuka mto Sosiani kwenda kule wanakopika chang'aa, pombe kali ya magendo. Jerop alikuwa amewafundisha akina mama mia tatu: usimfokee mtoto, keti naye, msikilize, muulize taratibu. Kwake mwenyewe alifoka. Amos alimjibu sentensi moja tu, ile ile kila mara: "Mama, mimi si mtoto. Mwanaume hagombezwi na mwanamke." Mara mbili alimpeleka kituo cha kurekebisha waraibu, mara ya kwanza akakaa siku kumi na tisa, mara ya pili nne.

Na kazini alizidi kusifiwa. Alialikwa semina, akasimama mbele ya ukuta wenye michoro ya rangi. Wanaoanza nyumbani ni asilimia hii, wanaoanza kwa marafiki asilimia ile. Mtu mmoja akainua mkono akasema takwimu zake ni safi sana. Kavetsa, aliyekaa nyuma, akasema kwa sauti ya kusikika na wachache, "Safi, ndiyo. Zilifagiliwa."

Jerop alisikia. Aliendelea na mchoro uliofuata.

Agosti mwaka jana, mtu fulani kule ng'ambo ya mto alichanganya kitu fulani ndani ya pipa. Vijana watatu walikunywa kutoka kikombe kimoja. Wawili walizikwa wiki moja, na mmoja wao, Kevin wa Mama Njambi muuza mitumba, alikuwa rafiki wa Amos tangu chekechea. Wa tatu alilala wodini siku mbili bila kusema. Siku ya tatu alifungua macho. Jua lilikuwa limeingia dirishani, limefika hadi kwenye shuka.

"Mama," akasema, "washa stima."

Madaktari walieleza. Jerop alielewa kila neno lao, maana alikuwa ameyaandika mwenyewe kwenye ripoti, ukurasa wa kumi na mbili.

Alimrudisha nyumbani. Mwanamume wa miaka kumi na minane, asiyetaka kushikwa mkono na mamake. Alijigonga kwenye meza, akajigonga kwenye mlango, akamwaga chai akaketi juu yake. Jerop akinyoosha mkono, alimwambia, "Wacha." Basi akahamisha viti vyote hadi chumbani kwake, sebule ikabaki tupu kama ya watu wanaohama, ili mtoto apate pa kupita.

Kipkemboi alikuja Jumapili moja, na kibuyu cha mursik kwapani. Alikuwa amezeeka ghafla. Jerop akamletea kiti kimoja kutoka chumbani, yeye mwenyewe akakaa juu ya kreti. Mlango wa Amos ulikuwa umefungwa. Hawakuzungumzia mvua.

"Mama Amos," Kipkemboi akasema, "siku ile uliuliza hata sabuni."

"Niliuliza."

"Nilikuwa nimekaa nikingoja. Nilijiambia, huyu ndiye mtu wa pombe. Anaitwa Nairobi, anaitwa Kisumu, anawaambia watu wakubwa pombe inaharibu watoto. Kama hiki kidogo tunachowapa ni kibaya, atasema. Nikakuuliza kama kuna kingine. Nilikufungulia mlango. Ukasema hakuna." Akapangusa uso kwa kofia. "Siku yake ilipofika, mwenzangu alisita. Akaniambia, huyu ni mtoto wa yule mama wa utafiti, tumruke? Nikamwambia mamake nimemuuliza mwenyewe, hana neno. Mpimie."

Jerop alishika ukingo wa kreti.

"Ningekuulizaje, Baba Chepkoech? Mimi ni mwanamke."

"Ungemtuma mtu. Ungemwambia mke wangu. Ungekohoa tu, ningejua. Mimi nilipewa na baba yangu, na baba na wake. Sikujua ni kitu cha kukataliwa. Nilidhani ni kama mvua."

Mlango wa chumba ukafunguka. Amos alisimama, kiganja kimoja kwenye fremu, uso umeelekea pengo lililo baina yao wawili.

"Mama. Ulijua?"

Angeweza kusema mengi. Angeweza kusema alihisi, alisikia tetesi, hakuwa na uhakika. Watafiti wana maneno mengi ya kutokuwa na uhakika.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Kabla uende."

Amos hakufoka. Ingekuwa afadhali. Alitikisa kichwa polepole kama mtu anayehesabu, na wote wawili wakamwangalia, yeye asiyeweza kuwaangalia. Nje watoto wa jirani walikuwa wakigombania baiskeli.

Jerop akamgeukia shemejiye.

"Desemba hii mko na vijana wangapi?"

"Tisa. Pamoja na wa Wahome. Wahome ni Mkikuyu, lakini amekaa kwetu miaka mingi na kijana wake anataka kwenda na wenzake."

"Mtawapa?"

Kipkemboi akatazama sakafu. Hakuwa amewahi kuulizwa hivyo na mwanamke, wala na mwanamume. Aligeuza kofia, akaigeuza tena. Angenyamaza, na mila ingemlinda, na chai ingeletwa.

"Mjibu, Baba mkubwa," Amos akasema.

"Mimi kwa mkono wangu, hapana," mzee akasema, sauti imepasuka. "Wenzangu siwezi kuwasemea."

"Nitakuja niwaulize wenyewe."

"Watakufukuza, Mama Amos."

"Wanifukuze. Nitarudi."

"Watasema umelaani vijana."

"Wangu ni huyu hapa. Wamwangalie, kisha waseme nani amelaani."

Mzee akaivaa kofia yake. Amos akageuka arudi chumbani. Jerop akainuka, mkono umeshanyooka kabla hajajua.

"Wacha, Mama."

Akauacha mkono hewani, kisha akaurudisha. Kijana alitafuta ukuta, akaupata, akaanza kuufuata. Kiganja chake kilipita juu ya picha ya babake, ikapinda, karibu ianguke. Kipkemboi alitaka kusimama. Jerop akamzuia kwa kichwa. Hakuinyoosha picha. Alingoja kwanza mlango ufungwe.